Nani alipe gharama ya kusubiri Kusini?

Kongamano la uwekezaji likiitishwa Mtwara au Lindi, orodha ya fursa husomwa kwa mpangilio uleule. Inaanza gesi asilia, unafuata mradi wa kuchakata gesi pale Likong'o, kisha bandari, saruji, madini ya kinywe ya Ruangwa, magofu na fukwe za Kilwa. Mwishoni kabisa, wajumbe wakiwa wameshaanza kuchungulia saa, anatajwa mkulima wa korosho. Mimi ningeisoma orodha hiyo kuanzia chini. Msimu wa 2024/25 uzalishaji wa korosho nchini ulivuka tani 500,000, sehemu kubwa ikitoka katika mikoa hii miwili, na thamani yake minadani ilizidi shilingi trilioni moja. Hakuna kitalu cha gesi wala mgodi uliowahi kuweka fedha za kiasi hicho mikononi mwa watu wa Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea na Liwale ndani ya mwaka mmoja.

Kasoro ni kwamba fedha hizo huingia kati ya Oktoba na Januari, zikaisha mapema. Novemba Masasi haina nafasi: maduka ya bati yanauza, pikipiki mpya zinatoka madukani zikiwa bado na nailoni kwenye viti, nyumba za wageni zimejaa. Ukirudi Machi unamkuta mkulima yuleyule akihangaikia ada ya mtoto. Wengi huishia kulaumu tabia: watu wa Kusini hawajui kuweka akiba, ngoma zimezidi, unyago unakula mtaji. Lawama hiyo naiona ya kivivu. Haielezi kwa nini viwanda vya kubangua, ambavyo havichezi ngoma, navyo hufunga milango Machi.

Kinachoviunganisha viwanda na wakulima ni kusubiri. Kusubiri kuna bei yake, na kwa miaka mingi maendeleo ya Kusini yamepangwa kana kwamba bei hiyo ni sifuri, au kana kwamba mtu wa huku ataibeba bila kunung'unika.

Gesi ya Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Ya Mnazi Bay, Mtwara, ikafuata mwaka 1982. Ya kwanza ilianza kutumika kwa biashara mwaka 2004, yaani miaka 30 baadaye. Kisha kati ya mwaka 2010 na 2014, baada ya gesi nyingi kugunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari, Mtwara mjini ilipata homa. Viwanja vya Shangani vilipanda bei mara kadhaa, hoteli zikajengwa kwa mikopo, kila mwenye nyumba akaota mpangaji mgeni. Serikali ilipoeleza kuwa gesi itasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, watu waliandamana Desemba 2012, na Mei 2013, baada ya bajeti ya Wizara ya Nishati kusomwa bungeni, mji ukawaka moto, watu wakafa na jeshi likaletwa. Wakati ule wengi walio nje ya mikoa hii waliona ni ubinafsi wa kikanda. Kwa anayekaa hapa swali lilikuwa la kawaida kabisa: gesi ikishapita, kitabaki nini?

Bomba la inchi 36 lilizinduliwa Oktoba 2015. Baadhi ya vitu vilibaki, na haki ni kuvitaja. Kiwanda cha saruji cha Dangote, chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kilianza uzalishaji mwaka huohuo, kikasuasua kwa sababu ya gharama za umeme wa dizeli, kisha kikaunganishiwa gesi mwaka 2018. Halmashauri hupokea ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni. Lakini gesi ni sekta yenye mitambo mingi na ajira chache, hilo halikuwahi kufichwa na mtaalamu yeyote mkweli. Na lililowauma watu kuliko yote ni umeme: mikoa iliyokalia gesi ilibaki nje ya gridi ya Taifa kwa miaka mingi, ikitegemea mitambo michache ya hapahapa. Mtambo mmoja ulipoleta hitilafu, Mtwara, Lindi, Masasi na Newala zililala gizani, huku gesi ya Msimbati, yaani hiyo ya Mnazi Bay, ikiwasha taa za Dar es Salaam.

Likong'o ni hadithi ya kusubiri ndani ya hadithi ya kusubiri. Shirika la Maendeleo ya Petroli lilipata hati ya eneo hilo, zaidi ya hekta 2,000, mwaka 2016. Wenyeji walisubiri fidia mpaka mwaka 2020, na katika miaka hiyo ya katikati hawakuwa huru kuendeleza mashamba waliyokwisha kuambiwa si yao. Juni 2022 makubaliano ya awali yakasainiwa Dodoma na Equinor, Shell na washirika wao. Mei 2023 ikatangazwa kuwa mazungumzo yamekamilika. Gharama inayotajwa ni dola bilioni 42, na gesi iliyogunduliwa nchini ni takribani futi za ujazo trilioni 57. Tarakimu ni kubwa na nafikiri ni za kweli. Hata hivyo wenzetu wa Msumbiji, pamoja na vita ya Cabo Delgado iliyoanza mwaka 2017 na iliyomfanya TotalEnergies asimamishe mradi wake mwaka 2021, walisafirisha shehena yao ya kwanza ya gesi kimiminika Novemba 2022 kutoka kwenye mtambo unaoelea baharini. Sina ugomvi na mradi wa Lindi. Ukija, uje. Ninachokataa ni kuufanya nguzo ya mipango ya mkoa, mtu akikopa leo kujenga nyumba ya wageni Mchinga kwa kutegemea wahandisi ambao tarehe yao ya kufika haijaandikwa popote.

Turudi kwenye korosho, maana hapo ndipo hesabu zinapofundisha.

Karibu tisa ya kumi ya korosho yetu imekuwa ikiuzwa ghafi, ikaenda kubanguliwa India na Vietnam. Kila waziri mpya hutangaza kuwa sasa basi, tujenge viwanda. Viwanda tulishajenga. Katika miaka ya 1970, kwa mikopo iliyohusisha Benki ya Dunia, vilijengwa viwanda 12 vyenye mitambo ya Japani na Italia. Uzalishaji wa korosho ulikuwa umefika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74. Kisha ukaja uhamisho wa vijiji uliowaweka wakulima mbali na mikorosho yao, bei ndogo kutoka chombo cha umma, na ugonjwa wa ubwiri unga, mpaka katikati ya miaka ya 1980 tukawa tunaokota chini ya tani 20,000. Mashine mpya zilikuwa zinangoja korosho ambazo hazipo. Baadaye watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wakasaidia kuirudisha mikorosho kwa salfa na miche bora, korosho zikarudi, na majengo mengi ya viwanda vile yakawa maghala ya kuhifadhi korosho ghafi zinazosubiri meli.

Kwa nini hazikurudi mashineni? Wengi hutaja teknolojia ya zamani, na ni kweli mitambo ile ilivunja punje nyingi mno. Lakini kuna wabanguaji waliokuja baadaye na mashine nzuri, nao wakasuasua. Chukua kiwanda cha wastani chenye uwezo wa tani 5,000 kwa mwaka. Kiwanda kinataka kubangua miezi yote 12, kwa sababu mishahara na riba havina msimu. Korosho lakini zinauzwa mnadani kwa wiki kumi hivi, na mshindi hutakiwa kulipa ndani ya siku chache. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,500 kwa kilo, mwenye kiwanda anahitaji shilingi bilioni 17.5 taslimu kabla ya Krismasi ili awe na mzigo wa kumfikisha Oktoba inayofuata. Akikopa hapa nchini kwa riba ya asilimia 15, na mzigo ukipungua ghalani taratibu mwaka mzima, riba peke yake ni kama bilioni 1.3. Ni shilingi 260 juu ya kila kilo ghafi. Na kwa kuwa kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja ya punje, mbanguaji ameshabeba zaidi ya shilingi 1,000 za riba kwenye kila kilo ya punje kabla hajawasha boila.

Anayeshindana naye mnadani ananunua kwa ajili ya kiwanda cha Vietnam au India. Huyo, tuseme, anakopa kwa asilimia 6: riba yake haifiki shilingi 110 kwa kilo ghafi. Tena yeye hahitaji kujaza ghala la mwaka mzima kutoka kwetu. Korosho za Afrika Magharibi huvunwa kuanzia Februari, zetu huanza Oktoba, kwa hiyo kiwanda cha kule kinanunua za kwetu kuziba pengo, kisha kinahamia za Kodivaa na Kambodia. Kusubiri kwake ni kufupi na bei ya kusubiri kwake ni ndogo. Ndiyo maana anaweza kupandisha dau, na ndiyo maana mkulima wa Newala anampenda, kwa haki kabisa.

Hapa pana mtego ambao wanasiasa huuingia kirahisi. Ukitaka kumsaidia mbanguaji wa ndani, njia ya mkato ni kuzuia korosho ghafi kutoka, bei ikashuka, kiwanda kikapata mali kwa nafuu. Nani amelipa hapo? Mkulima. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa, tayari unafanya kazi hiyo kwa sehemu, kwa sababu mnunuzi anayejua atatozwa hupunguza dau lake. Mkulima ameshachangia viwanda. Fedha yenyewe ndiyo imekuwa na safari yake. Sheria iliagiza asilimia 65 ya ushuru ule irudi kuendeleza zao, mpaka mwaka 2018 Bunge lilipobadilisha utaratibu na fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini, wa chama tawala na wa upinzani, walipaza sauti ambayo si ya kawaida kusikika kwa pamoja. Walishindwa.

Miezi michache baadaye likaja la Novemba. Wanunuzi walitoa dau chini ya shilingi 3,000, wakulima wakagoma, na Rais Magufuli akaamua serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakasomba mzigo. Kwa siku chache watu walishangilia, nami simlaumu aliyeshangilia. Kisha ukaanza uhakiki wa mashamba, malipo yakachelewa kwa miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Kampuni ya Kenya iliyotangazwa Januari 2019 kuwa ingenunua tani 100,000 haikununua. Korosho zikalala maghalani, na korosho iliyolala hupoteza ubora. Waliolipia kusubiri safari hiyo walikuwa wengi: mkulima, mwenye lori, mama lishe wa Tandahimba aliyekopesha chakula kwa ahadi ya malipo ya wiki ijayo.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi korosho ghalani na kupewa stakabadhi mpaka ziuzwe mnadani, ulipoanza msimu wa 2007/08, mkulima alipokea malipo ya kwanza, akaahidiwa ya pili, na majaleo, yaani nyongeza, mwishoni. Kwa misimu kadhaa ulifanya kazi. Bei ya dunia ilipoporomoka, malipo ya pili yakapungua au yakapotea, na Aprili 2013 huko Liwale wakulima walichoma nyumba za viongozi. Ukijua hayo utaelewa kwa nini leo ukisimama kwenye mkutano wa chama cha msingi na kutamka maneno "malipo ya awamu", miguno inaanza kabla hujamaliza sentensi.

Kangomba, ile biashara ya kununua korosho kwa mkulima kwa bei ndogo kabla ya mnada, nayo iangaliwe kwa jicho hilohilo. Serikali huiita uhalifu, na kisheria ni kununua nje ya mfumo. Kiuchumi ni mkopo. Mkulima mwenye mgonjwa nyumbani mwezi Agosti anauza kilo kwa, tuseme, shilingi 1,500, akijua fika kwamba Novemba itauzwa 3,500. Amelipa riba ya zaidi ya asilimia 100 kwa miezi mitatu. Hakuna mtu anayefanya hivyo kwa kupenda. Anafanya kwa sababu benki iliyomfungulia akaunti ya kupokea malipo ya Novemba haina cha kumwambia Agosti. Kumkamata mnunuzi wa kangomba bila kuweka mkopo halali mahali pake ni kumfungia mgonjwa duka la dawa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza fedha za umma zianze wapi, nasema zianze na riba. Kodivaa, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, haikuishia kutamani viwanda. Iliweka ruzuku kwa kila kilo ya punje inayosafirishwa nje, na ikawapa wabanguaji wa ndani nafasi ya kununua mapema. Sisi tunaweza kufanya kitu cha namna hiyo bila kumnyang'anya mkulima senti. Pengo la riba nililolitaja, kati ya asilimia 15 na 6, ni kama shilingi 157 kwa kilo ghafi. Kulifidia kwa tani 50,000 ni chini ya shilingi bilioni 8 kwa mwaka. Ushuru wa korosho ghafi, hata ukihesabiwa kwa kile kiwango cha chini cha dola 160, kwa tani 300,000 ni dola milioni 48, yaani si chini ya shilingi bilioni 110. Hata sehemu moja ya kumi haifiki.

Ruzuku huvutia wajanja, hilo halina ubishi. Atatokea mwenye kiwanda cha picha atakayechukua mkopo nafuu, anunue korosho, azipakie ghafi usiku. Ndiyo maana ilipwe baada ya punje kupita forodhani, ikiwa imepimwa na kupewa daraja. Na ajira za kubangua zisipambwe kupita kiasi. Wengi wanaomenya na kuchambua ni wanawake wanaolipwa kwa kilo, na malipo yenyewe ni madogo. Lakini ni malipo ya Machi, ya Mei, ya Julai. Kwa mji unaoishi miezi mitatu kwa mwaka, hiyo miezi ina thamani kuliko kiwango chenyewe.

Bandari ina tatizo lake la kusubiri. Gati jipya lilijengwa katika upanuzi uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 157, na mwaka 2023 Rais Samia aliagiza korosho za Kusini zipite Mtwara. Agizo lina maana, lakini meli haifuati agizo peke yake. Inafuata mzigo wa kwenda na wa kurudi. Korosho zinahitaji makontena, na makontena huja Mtwara matupu kwa sababu kinachoagizwa kupitia hapa ni kidogo, na mwenye meli anamtoza mtu gharama ya utupu huo. Makaa ya mawe ya Ruvuma yamesaidia kuiamsha bandari, ingawa hayasafiri kwenye makontena na vumbi lake si jirani mzuri wa chakula, ndiyo sababu ya mpango wa bandari nyingine ya Kisiwa-Mgao. Dawa ya makontena ni bidhaa zinazoingia: salfa na viuatilifu, vifaa vya ujenzi, mizigo ya kaskazini mwa Msumbiji. Punje zilizobanguliwa nazo zingesaidia kwa namna nyingine, maana husafirishwa mwaka mzima, na meli yenye ratiba inapenda mzigo wenye ratiba.

Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay ikitajwa, wazee wa Nachingwea hutabasamu. Walishawahi kuwa na reli. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, na miaka ya mwanzo ya 1960 ikang'olewa. Ilijengwa kwa zao moja ambalo halikuota vizuri. Reli mpya inategemea chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, ambayo nayo yanasubiri kwa miongo. Kabla ya kufika huko, barabara ya Mnivata, Newala hadi Masasi, kilomita 160 zinazopita katikati ya mikorosho, ingemalizwa hata kesho ningefurahi zaidi.

TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, kimeingia katika kubangua chenyewe. Hii naifuatilia kuliko mradi mwingine wowote wa Kusini, kwa sababu mwenye korosho na mwenye kiwanda ni mtu mmoja, na lile swali la nani alipie kusubiri haliwezi kurushiwa mgeni. Chama hakiwezi kununua korosho za wanachama wake kwa bilioni ambazo hakina. Kitakope, kwa riba ile ile, au kiwaombe wanachama wakubali, mfano, asilimia 80 ya bei ya mnada sasa na inayobaki punje zikishauzwa, pamoja na faida. Kwenye karatasi mkulima anapata zaidi. Kwenye kumbukumbu yake kuna Liwale na kuna mwaka 2018.

Ningekuwa mjumbe wa mkutano huo ningekubali kwa masharti: asilimia 20 hiyo idhaminiwe na fedha za ushuru wa korosho ghafi, tarehe ya malipo iandikwe kwenye stakabadhi, na tarehe ikipita bila malipo riba ianze kuhesabika upande wangu. Bila karatasi hiyo ningeuza zote Novemba, kilo kwa kilo, nikanunue bati.